Pikapu ya Zamani na Ukoo wa Springi Zake

Muuza spea wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, hana muda wa hadithi. Ukimwomba bushi za springi atauliza: gari gani, ya mwaka gani? Mjibu kwamba ni Land Rover 109 ya mwaka 1968, uone kichwa kinavyotikiswa kabla hujamaliza. "Mzee wangu, hizo ziliisha kitambo. Labda tukutafutie mteja wa chuma chakavu." Wanaofufua pikapu za zamani wamelisikia jibu hilo hadi wakaliamini. Mimi siliamini, na naona tatizo linaanzia kwenye swali lenyewe. Umri wa gari hausemi mengi kuhusu kipuri. Kinachoamua kama kitapatikana ni ukoo wake: ni magari gani mengine yalikitumia, kwa miaka mingapi, na kama kuna kiwanda mahali fulani ambacho bado kinapata faida kwa kukitengeneza.

Marekani wana mfano mzuri wa jambo hili. Chevrolet ilipotoa pikapu zake za mwaka 1960, iliziwekea mbele springi za fimbo, yaani vyuma virefu vinavyojisokota gurudumu linapopanda na kushuka. Kufikia matoleo ya mwaka 1963 mpango huo ulikuwa umeachwa, zikaja springi za koili. Mwenye Chevrolet C10 ya kati ya 1967 na 1972 leo anaagiza karibu kila kitu kikiwa kipya, kwa sababu pikapu hizo ni nyingi, wapenzi wake ni wengi, na watengenezaji wa vipuri wanagombea fedha zao. Mwenye pikapu ya 1960 hadi 1962 bado anazunguka kwenye yadi za magari mabovu akitafuta fimbo na mikono yake. Kampuni ni ileile, nchi ni ileile, na umri unapishana kwa miaka michache tu. Kipuri kilichoishi miaka mitatu hakikuacha ndugu.

Land Rover ilifuata njia nyingine. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, ikiwa na springi za mabapa ya chuma mbele na nyuma, na mpango huo ukaendelea hadi toleo la Series III lilipofikia mwisho wake mwaka 1985, ingawa ndugu yake mwenye springi za koili alikuwa ameshazaliwa mwaka 1983. Kufikia 1976 zilikuwa zimeundwa Land Rover milioni moja. Hispania, kiwanda cha Santana mjini Linares kiliziunda kwa leseni tangu 1958. Thika nako, Leyland Kenya iliziunganisha kutoka kwenye makasha. Ukoo mkubwa namna hiyo haufi kwa sababu tu mwenye duka mmoja hana mzigo. Springi, shako na bushi za Land Rover ya 1968 bado zinatengenezwa mpya Uingereza na kwingineko, na mahitaji hayajapungua hata huku kwetu. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha mwaka 2024 lilikusanya mamia ya magari hayo, na mengi hayakuja kwa kuvutwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Datsun 1200, ile pikapu ndogo iliyobeba maziwa, mkaa na mikungu ya ndizi katika miaka ya 1970. Ukiuliza vipuri vyake kwa jina hilo, wengi watakuambia havipo. Lakini Afrika Kusini gari hilo halikufa. Injini yake iliongezwa nguvu, likaitwa Nissan 1400, na kiwanda cha Rosslyn karibu na Pretoria kikaendelea kulitoa hadi mwaka 2008. Maana yake ni kwamba pikapu iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa inauzwa mpya wakati watu wanapeana namba za simu za mkononi. Springi zake za nyuma ni za ukoo uleule. Kwa hiyo mtu anayeomba springi ya "Datsun ya mwaka 74" anafukuzwa dukani, na anayeomba springi ya Nissan 1400 anatajiwa bei. Mbele kunahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa breki na baadhi ya vipimo vilibadilika njiani. Huko mtu hanunui kabla ya kupima.

Peugeot wako katikati. Modeli ya 404 ilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili kati ya hizo ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania, na sifa hiyo iliuza pikapu zake kuliko tangazo lolote. Ila aliyekaa muda mrefu viwandani ni mdogo wake, 504, ambaye Kaduna nchini Nigeria walikuwa bado wanamuunda hadi mwaka 2006. Mwenye pikapu ya 504 ana mahali pa kuanzia. Mwenye 404 atahitaji subira zaidi, na pengine rafiki Ufaransa.

Baada ya kuujua ukoo, kinachofuata ni namba. Hapa ndipo wafufuaji wengi hupoteza fedha, kwa sababu wanauamini mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari. Mwaka ule mara nyingi ni wa kusajiliwa. Gari lililofika likiwa vipande kwenye makasha, likakaa bandarini, likaunganishwa, likasubiri mnunuzi, linaweza kuwa na vyuma vilivyotoka kiwandani mapema kuliko kadi inavyosema. Namba ya chesisi haina tatizo hilo. Kitabu cha vipuri (siyo kile cha matengenezo, ni vitabu viwili tofauti) huonesha kila kitu kikiwa kimetawanywa kwenye mchoro, na pembeni huandika kuwa kuanzia chesisi namba fulani bushi ilibadilika. Mstari huo mmoja wa maandishi madogo una thamani kuliko maoni ya gereji nzima.

Toyota wamerahisisha kazi. Namba zao zina tarakimu 10, na tano za mwanzo hutaja aina ya kitu: 48511 ni shokapu ya mbele, 48531 ni ya nyuma. Tano zinazofuata ndizo zinazoeleza ni ya gari lipi hasa. Anayelijua hilo hawezi kuuziwa shokapu ya nyuma kwa maelezo kwamba "zote zinaingia". Namba za zamani za Land Rover zilikuwa tarakimu sita tupu. Baadaye zikaja zenye herufi kama RTC na NRC. Kitu kilekile kinaweza kuwa kilibadilishiwa namba zaidi ya mara moja, ndiyo maana mwenye duka anayetafuta namba ya kwanza kwenye kompyuta yake hapati kitu, ilhali bidhaa iko rafu ya tatu nyuma yake. Mtafutaji mzuri huenda dukani na namba zote, ya kwanza hadi ya mwisho.

Namba ikishindikana, kinabaki kipimo, na kipimo kina mtego wake. Land Rover za enzi hizo ni za inchi. Toyota, Datsun na Peugeot ni za milimita. Chukua bolti ya inchi 9/16. Unene wake ni milimita 14.29. Bolti ya milimita 14 itapita kwenye tundu lake bila shida, fundi atafurahi, nati itakazwa, na kwa siku za mwanzo hakuna atakayesikia kitu. Ile nafasi ya karibu theluthi moja ya milimita ndiyo inayoanza kugonga kila gurudumu linapoingia shimoni, na kila kishindo kinalipanua tundu. Fedha iliyookolewa kwenye bolti huishia kwa mkereza vyuma anayetengeneza upya kitundu kilichokuwa kizima.

Mtego uleule umo kwenye springi zenyewe. Mabapa ya Land Rover yana upana wa inchi mbili na nusu, milimita 63.5. Ya Hilux ni milimita 60 na ya pikapu ya Land Cruiser ni 70. Fundi akikosa ya Land Rover atashawishika kuweka moja ya hizo mbili. Ya 60 inaingia lakini inatembea kushoto na kulia hadi izibwe kwa washa. Ya 70 haiingii, basi ananoa kingo zake kwa mashine ya mkononi, na kila mkwaruzo anaouacha pembeni mwa bapa unakuwa mahali pa kuanzia ufa. Nimeona mabapa yaliyokatika yakionesha wazi jambo hilo: sehemu kubwa ya mkato ina kutu ya zamani, maana ufa ulikuwepo siku nyingi, na sehemu ndogo inang'aa, ile iliyomalizikia siku ya safari.

Kuna jambo lingine kuhusu springi za Land Rover ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Kulia na kushoto hazifanani. Upande wa dereva hupewa springi iliyoinuka zaidi kidogo, kwa kuwa upande huo hubeba dereva na, kwenye pikapu, tangi la mafuta lililo chini ya kiti chake. Ukizibadilisha, gari linalala upande mmoja, na mwenye gari anaanza kutafuta kosa kwenye chesisi iliyo nzima kabisa.

Springi mpya ikikosekana, je, ya zamani inaweza kukunjwa upya? Inaweza, na Afrika Mashariki ni mahali pazuri pa kufanya hivyo. Wahunzi wa Kamukunji jijini Nairobi, wa Katwe jijini Kampala na wa Gerezani jijini Dar es Salaam wanakijua chuma cha springi kama wanavyojua mikono yao. Ndicho wanachotengenezea mapanga, visu na patasi. (Hiyo pia ni sababu moja ya springi za zamani kuadimika: mshindani wa mfufuaji si mfufuaji mwenzake, ni panga na tanuri la kutengenezea nondo.) Tatizo ni namna ya kuifanya kazi. Chuma cha springi hupata uwezo wake wa kurudi mahali pake kwa kupashwa moto hadi kiwe chekundu, kuzimishwa kwenye mafuta, kisha kupashwa tena kwa joto la chini zaidi. Anayelipasha bapa kwa gesi katikati tu, ili likunjike kirahisi, ameufuta ugumu huo mahali pale panapobeba mzigo. Gari litatoka gereji limesimama vizuri kama jipya. Litarudi chini baada ya mizigo michache.

Fundi anayeijua kazi hukunja bapa likiwa baridi. Huanza kwa kuchukua bapa zima, la gari jingine au la upande usioharibika, akalilaza sakafuni na kufuata upinde wake kwa chaki. Mchoro ule ndio mizani yake. Kila bapa lililolala hupigwa au kubanwa kwenye presi kidogo kidogo, sentimita chache kwa wakati, kutoka ncha hii hadi ile, likirudishwa kwenye chaki kila baada ya mizunguko kadhaa. Ni kazi ya kelele na ya polepole, na bei yake huwa kubwa kuliko ya yule wa gesi. Bapa lenye ufa, hata wa unywele, halikunjwi; linatupwa. Mabapa yakikusanywa tena, sentabolti huwa mpya na yubolti huwa mpya. Yubolti za zamani zimeshavutika uzi, na kuzirudisha ni ubahili usio na faida kwa mtu aliyekwisha kulipia rangi ya gari zima.

Raba ni suala jingine, na kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko chuma. Wafufuaji wanapenda sana kipuri kilichokaa dukani tangu enzi zake, bado kimo kwenye boksi lake la karatasi, chenye nembo ya kampuni. Kwa shako, bolti au bapa, hicho ni lulu. Kwa bushi, ni karatasi nzuri iliyofunga raba iliyozeeka. Raba huchakaa hata ikikaa rafuni. Hewa huikausha, inakuwa ngumu na kupasuka juu juu. Shokapu iliyokaa dukani miaka 40 ina sili za umri huohuo, na itaanza kuvuja mapema. Ningechagua bushi mpya isiyo na nembo inayojulikana, ilimradi raba yake inabonyea na kurudi, kuliko ile ya kihistoria.

Wapo mafundi wanaokata bushi kutoka kwenye tairi kuukuu. Sina dharau nazo. Kwenye macho ya shokapu, ambako mzunguko ni mdogo, zinafaa na zinadumu. Kwenye springi za Land Rover hapana, kwa sababu bushi ile haikubuniwa kuteleza. Raba yake imegandishwa kwenye bomba la chuma ndani na nje, na springi inapocheza raba hujisokota na kurudi. Ndiyo maana bolti zake hazikazwi gari likiwa juu ya jeki na ekseli ikining'inia. Ukizikaza pale, raba itashikwa ikiwa imepinda, na gari likiteremshwa inaanza maisha ikiwa imekwisha kuvutwa. Gari linatakiwa lisimame kwa magurudumu yake, litikiswe likae, ndipo bolti zikazwe. Bushi nyingi zinazosemwa kuwa "feki" ziliuawa na spana.

Kuzitoa za zamani nako ni mtihani. Bomba la nje hushikana na chesisi kwa kutu ya miongo, na kulisukuma kwa presi kubwa kunaweza kuupinda mfereji wa chesisi wenyewe. Njia ya kiungwana ni kuchoma raba itoke, kupitisha msumeno wa chuma ndani, kulikata bomba kwa urefu bila kugusa chesisi, kisha kulikunja kwa patasi ndogo hadi lilegee. Mtu akikosa kabisa bushi za asili, mkereza mzuri anaweza kutengeneza za plastiki ngumu ya poliurethani zenye bomba la chuma katikati. Hizo huteleza badala ya kujisokota, kwa hiyo zinataka grisi, na hulia kidogo zikikauka. Safari inakuwa ngumu zaidi kuliko ya raba. Kwa pikapu itakayobeba mzigo, naona ni mbadala halali.

Shokapu ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Hazijali jina la gari. Zinajali urefu zikibanwa, urefu zikivutwa, na namna zinavyofungwa, kwa jicho au kwa mhimili wenye uzi. Pima nafasi kati ya vifungio vyake viwili ekseli ikiwa imegusa raba ya kuzuia kugonga, na tena ikiwa imening'inia. Shokapu inayobanwa hadi kuwa fupi kuliko kipimo cha kwanza na kuvutika kupita cha pili itaingia, hata kama ilitengenezewa lori dogo la Kijapani.

Uhuru huo wote unakoma kwenye usukani. Boljointi zilizobanwa upya kwa nyundo, tairodi zilizochomelewa, vichwa vilivyotobolewa vikawekwa nati kubwa: haya yapo barabarani, na yapo kwenye magari yaliyopakwa rangi nzuri. Springi ikikatika gari linainama. Tairodi ikiachia, dereva hana tena gurudumu la mbele. Kwa sehemu hizo, hata ukisubiri meli miezi mitatu, unasubiri.

Na kusubiri ndiko kunakofanya njia za ununuzi ziwe na maana. Bushi, sili na boljointi ni nyepesi. Zinaweza kupanda ndege kutoka Uingereza na bado zikabaki na bei inayovumilika. Springi kwa ndege ni wazimu. Hizo huunganishwa na mizigo ya wafanyabiashara wanaokwenda Dubai na Sharjah, ambako yadi za vipuri vilivyotumika huwa na vyuma vya Land Cruiser za kila kizazi, au huja kwa barabara kutoka Afrika Kusini. Wazo la kununua gari zima kuukuu nje ya nchi ili livuliwe vipuri haliko wazi kwa kila mtu: Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, Uganda iliweka mpaka wa miaka 15 kuanzia 2018, na Tanzania hutoza ushuru wa ziada kadiri gari linavyozeeka. Gari la kuvua vipuri, basi, lazima litafutwe ndani: minada ya serikali, uwanja wa nyuma wa misheni, shamba la kahawa ambalo trekta lake la kwanza bado limeegeshwa. Katika miji kama Moshi, Nakuru na Kitale hutokea duka la zamani likawa na mzigo wa enzi hizo ambao haujawahi kuingizwa kwenye kompyuta. Huko mwenye duka huulizwa kwa adabu na kwa mapana, kikombe cha chai kikiwepo.

Mpangilio wa manunuzi unatokana na yote hayo. Mwenye Land Rover anaweza kutengeneza bodi kwanza na kuacha springi za mwisho, maana watengenezaji wake bado wapo na hawaoneshi dalili ya kuondoka. Mwenye Toyota ya springi za mabapa ana nafasi pia, kwa kuwa Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza mwaka 1984, bado zinauzwa na springi zao za nyuma bado ni mabapa. Anayefufua Datsun 1200 hana nafasi hiyo. Nissan 1400 ya mwisho ilitoka Rosslyn mwaka 2008, na kila mwaka magari yanayofanya vipuri vile viendelee kuzalishwa yanapungua barabarani. Huyo anunue springi za nyuma na bushi zake sasa, seti mbili akiweza, chuma akipake grisi na raba aifunge mbali na jua, kabla hata ya kuamua pikapu yake ataipaka rangi gani.